Muhogo Hauna Damu

Ujumbe ulinifikia asubuhi, nikiwa nasahihisha tasnifu ya mwanafunzi wangu: sauti ya mwanamke mzee iliyorekodiwa kwenye simu, ikikatikakatika kwa udhaifu wa mtandao wa mji wa Kasongo. "Madamu, ni miye Tausi. Mukubwa wangu ametutoka. Tumemuzika jana. Nimeona na weye ujue." Niliisikiliza mara tatu, kisha nikaifunga tasnifu. Mukubwa wangu: hivyo ndivyo Tausi alivyomwita Mama Zuhura, mke mwenzake, tangu siku alipoolewa. Mume wao alipofariki, wanawake hao wawili walibaki katika ua mmoja, jiko moja na shamba moja, jambo lililowastaajabisha majirani. Mimi niliishi nao mwaka mmoja tu, nikiwa mwalimu mpya wa biolojia. Kwa hakika ulikuwa mwaka na miezi minane, lakini kumbukumbu huipunguza ile miezi, nami nimeacha kubishana nayo. Watu hudhani kwamba nilianza kuwa msomi nilipovuka mpaka wa nchi kwenda kusoma. Si kweli. Nilianza Kasongo, siku nilipomharibia Mama Zuhura shamba lake.

Chumba changu kilikuwa na dirisha moja lisilo na kioo, nalo lilielekea jiko la nje, hatua nne tu kutoka kitandani. Kwa hiyo sikuhitaji kutega sikio. Kila alfajiri niliamshwa na kinu, halafu mchi ulinyamaza na mazungumzo yakaanza, na mpaka leo nikitaka kulikumbuka Kiswahili cha mji ule husikia kwanza sauti hizo mbili. "Mudogo, chumvi hii umetia na mukono ao na beleshi?" "Mukubwa, chumvi iko bien. Ulimi wako njo umezeeka." "Ulimi huu njo ulisema bwana akuoe." "Na miye ningali natafuta kosa gani nilikukosea." Walicheka, na mimi kitandani nikacheka kwa kujificha, maana bado sikuwa nimeambiwa kama nilikuwa na haki ya kucheka. Chakula tulikula mkekani. Bukari, yaani ugali wa unga wa muhogo, ilikaa katikati, pembeni kukawa na sombe, kisamvu kilichopikwa kwa mawese, na siku za neema kambale aliyekaushwa kwa moshi, aliyeletwa kutoka Nyangwe. Majani ya sombe Tausi aliyachuma kwenye mihogo yenye mabaka, akidai kwamba hayo ni laini na yana utamu. Mabaka hayo ni dalili ya ugonjwa uitwao batobato: virusi vinavyobebwa na inzi wadogo weupe, ambavyo huchora jani kwa kijani na njano, hulikunja, na mwishowe huacha mizizi kuwa myembamba kama vidole.

Katika ua ule nilijifunza sheria moja ambayo haikuandikwa popote. Miti ya muhogo, yaani vile vijiti vinavyokatwa shinani ili vipandwe tena, haiuzwi. Mwanamke anayeitaka huenda kwa mwenye shamba, husimama mpakani, hupiga makofi na kuomba. Naye mwenye shamba humkatia. Lakini aliyetoa hana ruhusa ya kurudi baadaye kwa aliyempa na kuomba. Hata kama shamba lake limeteketea lote, kurudi huko ni kulamba mate aliyokwisha kutema. Mama Zuhura alikuwa ametoa sana. Wanawake walitoka kijiji cha Lusangi na mbali zaidi kuja kumwomba, kwa sababu mihogo yake, ingawa iliugua kama mihogo ya wote, ilizaa mizizi minene. Yeye mwenyewe hakuona siri yoyote katika jambo hilo. Aliiacha mihogo iugue, akaingojea, kisha akakata miti kutoka kwenye ile iliyokuwa imechipua majani mapya yasiyo na doa, tena akakata sehemu ya juu, si ya chini. Sipendi kumfanya kuwa zaidi ya alivyokuwa: aliamini pia kwamba mabaka yanaletwa na mbalamwezi, na katika hilo alikosea.

Mwezi wa saba, agronomu, yaani bwana shamba wa wilaya, alifika shuleni kwetu. Alikuwa mtu mpole, mwenye viatu vilivyopasuka, na ninamkumbuka kwa heshima. Alitugawia karatasi na kutueleza kanuni: kila muhogo wenye mabaka ung'olewe na kuchomwa, halafu kituo cha kilimo kingeleta miti safi. Kanuni hiyo ina mantiki yake, na mahali pengi imesaidia. Jioni ile niliifasiri karatasi mkekani, neno kwa neno, kwa furaha ya mwalimu aliyepata wasikilizaji nje ya darasa. Mama Zuhura alisikiliza huku akimchambua kambale.

"Madamu, mutoto akishika surua, akapona, inamurudilia tena?"

"Hapana, Mama. Damu yake imekwisha kuujua ugonjwa."

"Basi na muhogo?"

"Muhogo hauna damu."

Alitoa mwiba mdomoni, akautazama. "Kama haina damu, inapona na nini?"

"Haiponi," nikasema. "Inaonekana tu kana kwamba imepona."

"Eeh," akasema Tausi, "Madamu anaongea kama redio. Haina kurudishiwa jibu."

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kitabu changu kilikuwa na sura nzima juu ya kinga ya mwili: damu, chembe nyeupe, kingamwili. Mmea haukutajwa katika sura hiyo hata mara moja. Kutotajwa huko nikakuchukua kuwa ushahidi. Nimewaonya wanafunzi wangu dhidi ya kosa hilo kwa miaka mingi, na wengi wao hudhani ninawaonya juu ya kosa la mtu mwingine.

Siku chache baadaye kaka yake Mama Zuhura alifariki Lusangi, naye akaenda matangani kwa siku kumi. Nikaona ni nafasi ya kumfanyia wema wa kushtukiza. Wale wanafunzi wa darasa la mwisho waliobaki mjini wakati wa likizo niliwachukua kwa somo la vitendo, nikawapanga mistari, na kila mmoja nikampa sehemu yake. Tulikagua jani kwa jani. Sikuwa mzembe, na hilo ndilo baya lake; mzembe angebakiza kitu. Tuling'oa hata mihogo ambayo vilele vyake vilikuwa vya kijani kitupu, ilimradi majani ya chini yalikuwa na doa. Mizizi tuliipeleka nyumbani ikamenywe na kukaushwa, na miti yote tukaichoma. Tausi alirudi kutoka sokoni moshi ukiwa bado unapanda. Alisimama na kapu lake kichwani, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake: "Madamu, weye njo utamuambia. Miye siko."

Mama Zuhura aliporudi kutoka matangani, nilimwambia mwenyewe, mbele ya shamba, nikiwa na karatasi ya agronomu mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia shambani, akatembea kutoka mpaka hadi mpaka, akarudi.

"Ungenichomea nyumba, Madamu, ningelala inje," akasema. "Hii umechoma ni mwaka ya kesho."

Kituo kilileta miti safi kama kilivyoahidi, na agronomu mwenyewe alikuja kuipanda pamoja nasi mwezi wa tisa. Ilikuwa miti mizuri kuitazama, minene, isiyo na kovu, iliyokuzwa mahali ambapo wale inzi weupe walikuwa haba. Ilichipua haraka. Mwezi wa kumi na moja, shamba zima lilikuwa la njano, majani yamejikunja kama ngumi za watoto wachanga. Agronomu alichuchumaa katikati ya mistari kwa muda mrefu. "Kule kwetu ilikuwa bien," akasema, wala hakuwa akijitetea. Ile mizizi tuliyokuwa tumeikausha ilikaribia kwisha. Tulikula wali, maana Kasongo mpunga haukosekani, tukala na ndizi, na watoto wa Tausi wakauliza kila siku bukari itapikwa lini, kwa kuwa kwao mtu aliyekula wali bado hajala. Sauti za alfajiri zilibadilika. Siku moja, karibu na Krismasi, niliyasikia haya kupitia dirisha langu:

"Mukubwa, Estela wa Wamaza iko na miti yako. Ulimupa wakati aliolewa kule. Tuma mutu."

"Nikalambe mate yangu?"

"Mate gani? Watoto wanataka bukari."

"Wakule muchele. Na weye ukule muchele, unenepe, upate bwana mwingine, aniondolee hii kelele."

"Nani atanioa na mukubwa kama weye? Atakimbia kabla ya mahari."

Hakuna aliyecheka. Nikaketi kitandani. Hapo ndipo nilipoelewa jambo lililokuwa mbele yangu. Mwanamke aliyewapa wengine mihogo yake bora hakuweza kuipata tena, na kizuizi kilikuwa heshima yake mwenyewe. Mimi sikuwa nimempa mtu chochote. Kwa hiyo mimi niliweza kuomba.

Nilikwenda Wamaza wakati wa likizo ya Krismasi, safari ya siku mbili, nusu nikiwa nyuma ya baiskeli ya mchuuzi wa sabuni na nusu kwa miguu. Siku hizi, nimeambiwa, njia ile imejaa pikipiki za vijana waendao kwenye machimbo ya dhahabu. Wakati ule niliwapita wanawake wenye vikapu, nao wakanisalimu kila mmoja kwa ukamilifu, kuanzia mimi, kisha kazi yangu, kisha miguu yangu. Mama Estela alikuwa mwanamke mpana, Mkristo wa misa ya kila asubuhi, aliyeongea Kibangubangu na watoto wake na Kiswahili na mimi. Nilisimama mpakani mwa shamba lake, nikapiga makofi kama nilivyowaona wengine.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Ni mimi ninaomba."

"Uko na shamba?"

"Nitalima."

"Lete mikono." Akavigeuza viganja vyangu, akawaita wakwe zake waje waone. "Muangalie! Hii mikono inalima na chaki." Walicheka wote, nami nikacheka, safari hii bila kujificha. Hakunikatalia, lakini hakunikatia. Alinipa jembe. Kwa siku tatu nililima naye, nikilala na wajukuu wake, na siku ya pili malengelenge yalipopasuka aliyapaka mawese bila kusema neno la pole. Siku ya nne alinipeleka kwenye mihogo. Ile myororo, isiyo na alama, akaipita. Akasimama penye ile ambayo majani ya chini yalikuwa na mabaka na ya juu yalikuwa safi.

"Hii iliugua," akasema, na akakata juu. Alipokuwa akifunga mzigo aliuliza, macho yakiwa kwenye kamba: "Nani alikuonyesha muhogo ya aina hii?" Nikainama, nikashika ncha ya pili ya kamba. "Bon," akasema. "Sikuuliza."

Miti ile haikuweza kuwa ya Mama Zuhura. Kama ningeifikisha moja kwa moja mlangoni kwake, ningekuwa nimemlambisha mate kwa mkono wa mtu mwingine, na mji mzima ungeihesabu hivyo. Ilikuwa yangu, na ilinipasa niipande. Shule ilikuwa na kipande cha ardhi nyuma ya madarasa, kwa matumizi ya walimu, na hakuna mwalimu aliyekitumia. Nilikilima mwenyewe, mapema mwezi wa kwanza. Wanafunzi walichungulia madirishani, wakanihurumia. Mama Zuhura alipita pale kila asubuhi akienda shambani kwake, ambako sasa alikuwa amepanda karanga na mahindi, akanisalimu, hakutaja mihogo. Mara moja tu alisimama, akaulaza kwa mguu mti mmoja niliouchomeka wima, kama ipandwavyo kwao, akaendelea na safari yake.

Mwezi wa tatu, mihogo yangu ikaingia mabaka. Yote. Nilisimama mbele yake na karatasi ya agronomu bado ikiwa ndani ya daftari langu, na ninakiri kwamba nilishika shina la kwanza kwa mikono miwili. Kilichonizuia hakikuwa imani. Nilikuwa nimechoka kuwa na uhakika. Nikaliachia, nikafungua ukurasa mpya wa daftari, na tangu siku hiyo nikachora jani la juu la kila mmea mara moja kwa juma. Sijawahi kufanya utafiti mwingine kwa hofu kama ile. Chakula cha ua mzima kilikuwa ndani ya michoro yangu, na mimi nilikuwa na haki ya kutazama tu. Mwezi wa tano, juu ya majani yaliyojikunja, likatoka jani lililonyooka. Kisha la pili. Baadhi ya mimea haikupona kabisa, niliandika hivyo. Lakini iliyo mingi ilipanda kutoka katika ugonjwa wake kama mtu anayetoka mtoni, maji yakibaki chini.

Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa nilichokiona nyuma ya madarasa yale, wala si mimi niliyekigundua. Nilikisoma kwa wengine, kidogo kidogo. Mmea hauna chembe zinazosafiri mwilini kumtafuta adui. Kila chembe yake hujilinda yenyewe, mlinzi na askari akiwa mmoja. Juu ya ngozi ya chembe hiyo, na ndani yake, zimo protini zinazotambua vipande vya adui kwa kuvigusa: sehemu ya mkia wa bakteria, kibanzi cha ukuta wa kuvu. Nzi anazo protini za mfano huo, na mwanadamu pia. Wataalamu walipouona mfanano huo, wengi walidhani ni urithi kutoka kwa babu mmoja. Walipolinganisha kwa makini zaidi, ikaonekana kwamba mimea na wanyama walijijengea kila upande kwa wakati wake, kutokana na vipande vya kale vilivyokuwapo tayari, kama wajenzi wawili wasiojuana waliochimba udongo wa bonde moja. Lakini ile silaha iliyoiponya mihogo yangu, kwa kadiri tunavyojua leo, ni ya namna nyingine. Chembe huutambua ujumbe wa virusi, yaani maagizo yao ya kuzaliana, ikaukatakata, ikatunza vipande, na kwa vipande hivyo ikautafuta ujumbe mwingine wa aina hiyo hiyo ili iukate nao. Njia hii iko katika muhogo, katika mnyoo na katika nzi, na inaonekana kuwa na umri mkubwa kuliko siku ambayo mimea na wanyama walitengana. Nyuma yake tena wapo bakteria, ambao walikuwa wakiwindwa na virusi kabla dunia haijawa na jani wala damu, na ambao baadhi ya zana zao za ulinzi bado tunazibeba, zimebadilika umbo. Damu inayojifunza, ile ya kitabu changu, ilikuja nyuma sana, pamoja na samaki wa kwanza wenye taya. Kwa hiyo kwenye mkeka wa Mama Zuhura, kambale na bukari vilikuwa majibu mawili kwa swali moja, na bukari ndiyo iliyokuwa ikitunza jibu la kale zaidi. Mimi nilikula yote mawili huku nikilikana moja.

Nimejiuliza pia alichokuwa akikijua yeye. Alidhani kwamba kila mmea ulijifunza ugonjwa wake, kama mtoto na surua. Leo ningesema kwamba uwezo wa kupona ulikuwa katika uzao wa mihogo ile, na kwamba kwa kungoja iugue ndipo akate, yeye na mama zake kabla yake waliuchagua uwezo huo mwaka baada ya mwaka bila kuuona. Na kwamba kwa kukata juu alichukua sehemu ambayo virusi vilikuwa vimeshindwa kufika. Ninaweza kulieleza kosa lake na usahihi wake kwa pamoja. Mwaka ule sikuweza kueleza kimojawapo. Niliweza tu kungoja, nikitazama kama atakuja au hatakuja. Kwa maana mihogo yangu ilipokomaa, sheria ilikuwa bado ile ile. Nisingeweza kumpelekea. Ilimpasa aje aniombe, mimi niliyemchomea, na sikuwa na haki ya kulitegemea hilo.

Alikuja mwezi wa tisa, saa moja asubuhi, amevaa kitenge chake cha kwenda msikitini, na Tausi nyuma yake akiwa amebeba panga na kamba. Alisimama mpakani mwa kipande changu kana kwamba hatukuwa tumekunywa chai pamoja nusu saa kabla. Akapiga makofi.

"Hodi, mwenye shamba."

"Karibu, Mama."

"Niko naomba miti."

Niliwaza maneno niliyokuwa nimeyaandaa tangu Krismasi, maneno ya kuomba radhi, na hakuna hata moja lililokuja. Yaliyokuja ni yale ya kazi yangu. Nikachukua panga kwa Tausi, nikaenda kwenye mstari wa kwanza, nikaanza: hii hapa, Mama, iliugua mwezi wa tatu ikapona wa tano, nimeichora, kwa hiyo inafaa tukate kuanzia hapa kwenda juu, si chini, kwa sababu—

"Madamu."

Niligeuka.

"Miye nimeomba miti," akasema Mama Zuhura. "Masomo sikuomba."

Tausi aliangua kicheko mpaka akakaa chini. Nami nikainama, nikakata.